Ngoma, Ngitili na Duara: Juu ya Yaonekanayo na Yasiyoonekana Katika Utamaduni

Vitabu vyetu vya masomo vimezoea kuugawa utamaduni mafungu mawili. Fungu la kwanza huwa la mambo yaonekanayo: ngoma, mavazi, vyakula, nyumba, vyombo, na lugha isikikayo kinywani. Fungu la pili huwa la mambo yasiyoonekana: imani, miiko, adabu, fikira juu ya haki na aibu, hesabu ya wakati na ya ujamaa. Asili ya mgawanyo huu si kwetu. Aghalabu hufungamanishwa na jina la Edward T. Hall, mtaalamu wa Marekani aliyetoa kitabu chake The Silent Language mwaka 1959, na picha itumikayo kuueleza ni ya mlima wa barafu baharini, ambao kilele chake kidogo chaonekana juu ya maji na sehemu yake kubwa imezama. Picha hiyo sasa huchorwa ubaoni hata katika shule ambazo mwanafunzi hajapata kuona barafu illa ile ya rangi iuzwayo katika mfuko kando ya barabara.

Sina ugomvi na picha kwa sababu ya ugeni wake. Mifano husafiri kama watu wasafirivyo. Ugomvi wangu ni kwamba imetufundisha kuamini mambo mawili ambayo, nikiyapima kwa habari za Shinyanga na nchi ya dhahabu ya Geita, nayaona hayasimami. Kwanza, kwamba kitu ama chaonekana ama hakionekani, kwa kila mtu na kwa siku zote. Pili, kwamba kilichozama ndicho cha kale, ndicho kizito, na ndicho cha kweli. Itikadi hii ya pili ina hatari, na kwa ajili yake ndipo naandika.

Sababu iliyonisukuma ni ndogo. Nilikuwa nikisahihisha majibu ya mtihani, nikafika katika daftari la msichana aliyezaliwa Kahama. Swali lilimtaka ataje mambo ya dhahiri na mambo ya siri katika utamaduni wa kwao. Alipiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto aliandika kwa furaha: ngoma ya bugobogobo, ngoma ya nyoka, michembe, matobolwa, ugali wa mtama, majina ya Kulwa na Doto. Upande wa kulia aliandika neno moja tu: uchawi. Nilitia alama nyekundu kwa haraka, nikageuza ukurasa. Kisha nikaurudia, kwa maana niliona kwamba msichana yule hakukosea kujibu, bali alikuwa ameandika kwa uaminifu yale aliyofundishwa na magazeti, na redio, na wageni, na labda na sisi walimu. Mwenye kuambiwa kwamba utamaduni una chini iliyofichika, na mwenye kusikia tangu utotoni kwamba kwao ni nchi ya wachawi, ataweka nini chini kama si hilo?

Tuanze na upande wa kushoto, maana nao si mwepesi kama unavyodhaniwa.

Karibu na Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, iko Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyojengwa kwa juhudi za padre Mkanada, David Clement, na kufunguliwa mwaka 1968. Nakiri kwamba sijui mahali pengine katika nchi yetu ambapo mali ya kabila moja imekusanywa kwa mapenzi makubwa kuliko pale. Ngoma za watemi zimepangwa, viti vya enzi vimehifadhiwa, nyumba ya msonge imesimama na vyombo vyake. Walakini kila nilipopita pale nimeona jambo moja: wageni huitazama ngoma kubwa, huuliza imechongwa kwa mti gani, hupiga picha, huondoka. Ngoma imeonekana, kazi yake haikuonekana. Ngoma ya mtemi haikuwa chombo cha muziki tu. Ilikuwa dalili ya mamlaka, na kuipoteza kulikuwa karibu na kuupoteza utemi. Hayo hayakaangi juani ili yapigwe picha, lakini pia hayakuwa siri. Kila mtoto wa zamani aliyajua.

Tofauti na jumba hilo ni sikukuu ya Bulabo, ichezwayo mwezi wa Juni baada ya sikukuu ya Ekaristi. Hapo Bagalu na Bagika, vyama viwili vya wachezaji ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni mashindano ya waganga wawili, Gumha na Ngika, hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule avutaye watu wengi zaidi. Naomba msomaji aifikiri hukumu hiyo. Hapana jopo la waamuzi wala hesabu ya hatua. Mtazamaji mwenyewe, kwa miguu yake, ndiye mwamuzi. Mhakiki wa fasihi simulizi aonaye nyoka shingoni mwa mchezaji na asione hukumu ya miguu ya watazamaji, ameona nusu tu ya sanaa, na nusu aliyoikosa haikufichwa. Ilikuwa mbele yake, imesimama wima, ikisukumana.

Bugobogobo nayo ina kisa chake. Ni ngoma ya jembe. Ilizaliwa katika kazi ya kulimiana, ambapo vijana chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, walilima shamba la mtu kwa zamu huku ngoma ikipima mapigo ya majembe. Frank Gunderson, aliyechapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonyesha jinsi wimbo na jembe vilivyokuwa kitu kimoja kwa watu hao. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alisema utamaduni ni roho ya taifa. Na hapana shaka alimaanisha alilolisema. Lakini serikali, kama makumbusho, hushika kile kishikikacho. Bugobogobo ilitolewa shambani ikapelekwa jukwaani na katika viwanja vya ndege kuwalaki wageni wa nchi. Majembe yakarushwa juu na kudakwa, wageni wakapiga makofi. Wala silaumu, ngoma iliyopendwa na taifa zima imepata heshima. Nasema tu kwamba kilichobaki shambani, yaani kanuni ya nani analimiwa leo na nani kesho, na aibu ya mtu aliyelimiwa asirudishe, hakikupanda ndege. Na kanuni hiyo ilikuwa na nguvu kuliko jembe lirushwalo. Vyama vya wakulima wa pamba vya Kanda ya Ziwa, vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho lililopata kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika ya Waafrika, havikuota juu ya ardhi tupu. Vilikuta watu waliokwisha kuzoea kupanga zamu, kuhesabu deni la jasho, na kumtii kiongozi waliyemchagua wenyewe.

Juu ya Kulwa na Doto nitasema kidogo. Majina hayo ya mapacha yametoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi yakaenea nchi nzima, hata Mzaramo na Mmakonde humwita mwanawe Doto. Shija, jina la azaliwaye baada ya mapacha, nalo limesafiri, ingawa si kwa kasi ile. Ibada zilizoufuata uzazi wa mapacha hazikusafiri. Vivyo hivyo neno ikulu, ambalo lilikuwa makao ya mtemi kabla halijawa makao ya rais. Na neno mtemi lenyewe, ambalo wengine hulitoa katika kutema msitu, kwa kuwa mtemi wa kwanza ndiye aliyekata pori watu wakae, na wengine hulitoa katika kukata maneno, kwa kuwa ndiye aliyekata mashauri. Utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Neno limebaki, na katika mambo yaonekanayo hapana lililo wazi kuliko neno. Walakini ndani yake limebeba fikira mbili juu ya asili ya mamlaka, ya shoka na ya baraza, na mtu aweza kulitamka maisha yake yote asiisikie hata moja.

Sasa nafika katika jambo ambalo kwangu ndilo kiini, nalo ni ngitili.

Ngitili ni sehemu ya ardhi ambayo Msukuma huifunga mvua zianzapo, asiache mifugo kuingia, ili majani na miti viote. Na kiangazi kikali kifikapo huifungua kidogo kidogo, ndama, maksai na ng'ombe walio dhaifu wapate malisho ambapo kwingine kumekwisha kukauka. Ziko ngitili za kaya na ziko za kijiji. Anayeivunja hupelekwa mbele ya dagashida, baraza la wenyeji, na hutozwa faini. Mtu apitaye barabarani kutoka Tinde kwenda Kahama huona nini? Huona kichaka. Hapana ukuta, hapana ua, hapana bango. Kinachoigeuza kichaka kuwa ngitili ni makubaliano.

Mwaka 1953 vilitoka vitabu viwili juu ya nchi hii: Sukumaland cha D. W. Malcolm, na Sukuma Law and Custom cha Hans Cory. Ni vitabu vya kazi, na mtafiti wa leo hana budi kuvisoma. Malcolm aliiangalia nchi kwa jicho la mtawala, akihesabu watu, ng'ombe, maji na udongo. Cory alikusanya sheria za mila, akaziandika kwa vifungu kama sheria za serikali ziandikwavyo. Ukivisoma pamoja utaona ajabu: yule wa kwanza amejaza yaonekanayo, yule wa pili amejaza yasiyoonekana, na nchi yenyewe iko katikati, haikushikwa na yeyote. Sheria iliyokwisha kupewa namba ya kifungu imeacha kuwa sheria ya dagashida, ambapo hukumu hutegemea nani amesema, nani amenyamaza, na mwaka huu mvua ilikuwaje. Simlaumu Cory kwa kuandika. Namlaumu msomaji wa Cory adhaniaye kwamba kilichoandikwa kimekwisha kufichuka.

Kabla ya vitabu hivyo, katika miaka ya 1920, Charles Swynnerton na wenzake waliokuwa wakipigana na mbung'o walipanga Shinyanga kazi kubwa ya kufyeka na kuchoma pori, na watemi wakatoa watu kwa maelfu. Malale ni ugonjwa wa kuua, wala si haki kuicheka vita ile. Lakini jicho lililolenga mbung'o liliona miti kuwa ni makao ya mdudu, basi. Ikaja pamba, ikataka mashamba. Ikaja Operesheni Vijiji, ambayo mwaka 1974 iliwahamisha watu wa Shinyanga kwa haraka kutoka katika kaya zao zilizotawanyika na kuwaweka katika mistari iliyonyooka. Mpimaji aliona nyumba zilizotawanyika akasema hapana mpango. Mpango ulikuwapo: kaya ilikaa karibu na ngitili yake kwa sababu mwenye nayo sharti aione. Watu wakahamishwa, ngitili zikabaki bila macho, zikaliwa, zikakatwa, zikaisha. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa huo aliona nchi inageuka jangwa, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI.

Inasimuliwa, na nadhani ni kweli kwa sehemu kubwa, kwamba wataalamu walianza kwa kutaka kugawa miche ya miti ya kigeni. Baadaye wakawasikiliza wazee, wakatambua kwamba mizizi ya miti ya asili ingali hai chini ya udongo ulioliwa, na kwamba kinachotakiwa si mche bali ni kufunga. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofika mwisho mwaka 2004, zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika zaidi ya vijiji 800 vya mkoa ule wa Shinyanga wa zamani, kabla Simiyu na Geita hazijamegwa kuwa mikoa mwaka 2012.

Ngitili ilikuwa imezama au ilikuwa juu ya maji? Kwa Swynnerton ilikuwa juu, ikitwa pori. Kwa mpimaji wa vijiji haikuwapo. Kwa mchungaji wa miaka kumi ilikuwa dhahiri kama ukuta wa mawe, kwa kuwa alikwisha kuchapwa kwa ajili yake. Basi kuonekana si sifa ya kitu. Ni habari baina ya kitu na atazamaye. Hall mwenyewe, nikimtendea haki, alilijua hilo nusu, maana alisema utamaduni huficha zaidi kuliko udhihirishavyo, na huwaficha hasa wenyewe walio ndani yake. Lakini wachoraji wa barafu wamelisahau neno hili, wakaufanya mstari wa maji kuwa wa milele.

Nije upande wa kulia wa daftari la yule msichana, ambako kuna damu.

Katika Usukuma, hasa tangu miaka ya 1970, maelfu ya watu, wengi wao wanawake wazee, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitafiti habari hii kwa muda mrefu kuliko wengi wetu, naye hakuiacha mikononi mwa imani peke yake: ameitazama pamoja na sheria ya uchawi ya mwaka 1928, na kuhamishwa vijijini, na ugomvi wa ardhi na urithi, ambamo mjane asiye na mtoto wa kiume ni mtu wa kusukumwa pembeni. Kati ya dalili zilizomhukumu mwanamke mzee, iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Na macho yake yalikuwa mekundu kwa nini? Imekwisha kuelezwa na wengi: kwa moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, na hasa aliyepika kwa mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba kwa sababu kuni zimekwisha, hawezi kuwa na macho meupe.

Tusimame hapa kidogo. Pori lilifyekwa, ngitili zikafa, kuni zikaadimika, mavi yakawekwa mekoni, moshi ukakaa machoni, macho yakasomwa kuwa ni ushahidi. Sisemi kwamba moshi peke yake ndio uliomwua bibi huyo. Aliuawa na mtu aliyelipwa, na aliyelipa alikuwa na shamba alilolitaka, au mtoto aliyekufa ambaye alimtafutia sababu. Nasema kwamba wageni na wenyeji walipoulizwa kwa nini, walijibu kwamba ndiyo siri ya Wasukuma, ndicho kilichozama. Na jibu hilo liliwaondolea watu wote kazi ya kutazama jiko, ambalo lilikuwa wazi, mlango haukufungwa.

Vivyo hivyo katika nchi ya dhahabu. Geita ilikuwa na mgodi wa kikoloni tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Kandokando yake wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, ambao huteremka kwa kamba katika maduara, hupandisha mawe kwa mifuko, huyasaga kwenye karasha, huyaosha kwenye mwalo na kuyakamata kwa zebaki. Kwa haraka husemwa kwamba hii ni nchi ya Wasukuma. Kwanza, tukumbuke Wazinza, ambao sehemu kubwa ya Geita ilikuwa yao kabla ya Wasukuma kuvuka kwa wingi na ng'ombe zao na pamba yao katikati ya karne iliyopita. Ni watu ambao hata katika hesabu ya yasiyoonekana hawatajwi. Pili, katika duara moja waweza kumkuta Mha, Msubi, Msukuma, Mkurya na Mnyiramba, na lugha yao ni Kiswahili cha mgodini, chenye maneno ambayo kamusi zetu zingali hazijayapokea vizuri.

Mambo ya duara yana kanuni zake. Mifuko ya mawe hugawanywa baina ya mwenye leseni, mwenye duara, na waliochimba, na mfuko hugawanywa kabla haujasagwa, yaani hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Nimefikiri sana juu ya desturi hiyo. Ni haki ya ajabu: wote hugawana kutojua kwa usawa, kisha kila mtu huenda na bahati yake. Ni kweli pia kwamba mahali pengi mwanamke hukatazwa kushuka shimoni, eti dhahabu itakimbia. Na mwanamke huyo huyo hukaa juani akiponda mawe siku nzima bila dhahabu kukimbia. Msomaji ataona mwenyewe ni siri gani hiyo.

Ndani ya hali hiyo ya bahati ndipo, kati ya mwaka 2007 na 2009 hasa, yalipotokea mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake. Viungo vyao viliuzwa kwa waliodanganywa kwamba vitawaletea dhahabu au samaki. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua kijana mmoja wa Bukombe. Dunia nzima ilipiga kelele, nayo ilikuwa na haki. Lakini tena likatolewa jibu lile lile, kwamba haya ni mambo ya kale yaliyofichika. Deborah Fahy Bryceson na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2010, waliyaona kwa njia nyingine: waliyafungamanisha na maisha mapya ya machimbo, na ushindani wake, na waganga waliokuja kuuza matumaini mahali ambapo watu hupata na kupoteza kwa siku moja.

Mimi ni mtu wa lugha, basi naongeza ushahidi wa lugha. Katika miaka ile mtu mwenye ualbino alipopita njiani, wapo waliomwita dili. Neno hilo si la tambiko. Halikutoka kwa babu wala kaburini kwa mtemi. Limetoka Kiingereza kwa njia ya mjini, ni neno la biashara, la mtu aonaye faida inapita mbele yake. Kama jambo hili lingekuwa mila kongwe ya Kisukuma, lingekuwa na jina la Kisukuma. Lilipata jina la soko kwa sababu lilizaliwa sokoni. Wanafunzi wetu watafutao asili ya mambo na waanze na majina yake.

Wala simaanishi kwamba yote yaliyo ya jadi ni mema na yote mabaya yametoka nje. Iko desturi iitwayo chagulaga, ambapo vijana wa kiume humfuata msichana na kumshurutisha amchague mmoja wao. Wanaume huisimulia kwa kicheko, wakiiita uchumba wa asili. Wanawake niliowasikia hawacheki. Sungusungu nao, waliotokea mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi hizo kupambana na wezi wa ng'ombe, na ambao serikali iliwatazama kwa shaka kabla ya kuwaingiza katika sheria mwaka 1989, walileta usingizi vijijini. Na mahali pengine wao hao waliwafukuza vikongwe kwa tuhuma. Mishale ya sungusungu yaonekana. Aliyefukuzwa hayupo tena kuonekana.

Fasihi yetu imefanya nini? Ng'wanamalundi, mtu wa miujiza aliyefariki mwaka 1936, ambaye husimuliwa kwamba alinyosha kidole miti ikakauka, amepandishwa jukwaani na Emmanuel Mbogo katika tamthilia ya Ngoma ya Ng'wanamalundi, ya mwaka 1988. Lakini kwa swali letu kazi iliyo kubwa yatoka ng'ambo ya maji kidogo, Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya yake juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ilichapwa kwa Kiswahili chake mwenyewe mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Wasomaji wengi huilalamikia. Husema hadithi haiendi: mtu akitoka nyumbani kwenda kwa wakwe atasalimiana na kila ampitaye, na salamu zote zitaandikwa, pombe ya ndizi itapikwa tangu kukata mkungu hata kunywewa, ugonjwa utatibiwa kwa siku, kwa ada, kwa subira.

Mimi naona malalamiko hayo yamegeuza sifa kuwa kosa. Kitereza hakupiga mstari katikati ya ukurasa. Hasemi popote kwamba Wakerewe wana heshima kwa wakwe; anaonyesha mahali pa kuketi, nani aanze kunena, na chakula kinakuja lini. Aibu ya mume aliyenyang'anywa mke haielezwi kwa jina, inahesabiwa kwa mitungi ya pombe anayotakiwa kupeleka. Mganga wake si kivuli cha kutisha porini. Ni jirani mwenye kazi yake, anayejadiliwa malipo kama fundi. Mtu akimaliza kitabu hicho hawezi tena kusema ni lipi lilikuwa juu na lipi chini. Upungufu wake ni mwingine, nao nausema bila kumpunguzia heshima: ulimwengu wake umepangwa sana, majeraha yake hupona, na mwanamke aliyedhulumiwa kabisa hapati sauti ndefu ndani yake. Machimbo ya Geita hayajapata Kitereza wake. Yakimpata, sharti awe mtu atakayevumilia kuandika kurasa kumi juu ya kugawana mifuko ya mawe bila kuharakia mauaji.

Nilimrudishia yule msichana daftari lake bila kubadili alama, maana mtihani ni mtihani, lakini nilimwomba aniandikie kurasa chache juu ya jiko la bibi yake. Alizileta baada ya likizo. Aliandika juu ya mafiga matatu, juu ya mavi makavu yaliyopangwa ukutani, juu ya bibi apangusaye macho kwa pindo la kanga na kukataa kwenda zahanati ya mbali akiwa na macho yale, asije akaonwa njiani. Aliandika kwamba babu alifunga ngitili yake upya miaka ya 1990 na kwamba sasa bibi hupata kuni siku nyingine. Mwishoni, pasipo kuombwa, aliichora tena ile jedwali yake ya safu mbili. Neno uchawi halikuwapo. Neno moshi aliliandika kwa herufi kubwa juu ya mstari wenyewe, nusu huku na nusu huku.